BIMA YA ARUSI: INALIPA NINI, NA HAILIPI NINI?

Ndugu zetu wa vikundi, Agosti na Desemba ni miezi ya arusi. Shule zimefungwa, walio mjini wamepata likizo, na karibu kila Jumamosi kuna kamati mahali inayohesabu michango. Vikundi vyetu vimo ndani ya shughuli hii kwa njia mbili. Wanachama huchanga au hukopesha mzazi ambaye mtoto wake anaoa au anaolewa. Tena vikundi vingi vina hema, viti na sufuria za kukodisha. Kwa hivyo arusi ikiharibika, kikundi nacho kinaumia, hata kama bwana arusi si mtoto wa mwanachama.

Je, kuna bima ya kulinda pesa za arusi? Jibu ni kwamba iko. Lakini watu wengi wakisikia jina hilo hufikiria kitu ambacho sicho, na ndiyo sababu tumeona ni vizuri tueleze pole pole.

Wengine watauliza kama kukata bima si kukosa imani. Yusufu aliweka nafaka Misri miaka saba kabla ya njaa, na hakuna aliyemwambia hana imani. Basi tuendelee.

Bima hii ni ya namna gani

Bima ya arusi ni mkataba. Mnalipa kampuni kiasi fulani kabla ya siku yenyewe. Ikitokea hasara ambayo imeandikwa katika mkataba, kampuni inawarudishia pesa mliyopoteza, mpaka kiwango kilichotajwa. Huko Uingereza, Marekani na India bima hii huuzwa kwa jina lake. Hapa Kenya mambo si rahisi kama kununua bima ya gari. Mara nyingi ajenti atakuunganishia vipande: bima ya dhima, yaani ya kulipa mtu aliyeumia kwa sababu yenu, bima ya mali, na bima ya ajali ya watu. Kwa hivyo usiridhike ukiambiwa tu "hii ni bima ya arusi". Uliza: ni vipande gani vimo ndani?

Mkataba kamili wa arusi kwa kawaida hugusa mambo haya: kuahirishwa kwa arusi kwa sababu ya ugonjwa mkubwa au kifo cha bibi arusi, bwana arusi au jamaa wa karibu, nguo, pete, keki na zawadi kuharibika au kuibwa, mtu mliyemlipa, kama mpiga picha, kufilisika au kukosa kutokea, na mgeni kuumia au mali ya mtu kuharibiwa katika sherehe.

Ukisoma hivyo unaona mambo ni mazuri. Sasa tugeuze karatasi upande wa pili.

Yale ambayo hayalipwi

Jambo la kwanza, na kubwa: bima hii hailipi mtu akibadilisha nia. Bibi arusi akisema Ijumaa jioni kwamba hataki tena, au bwana arusi akitoroka kwenda Mombasa, pesa zimekwenda. Hiyo ni hiari ya mtu, na kampuni za bima hulipa jambo la ghafla ambalo mwenye bima hakulitaka. Hali kadhalika arusi ikikwama kwa sababu michango haikutosha. Kukosa pesa si ajali.

Pili ni pingamizi. Sote tumesikia visa vya mama kuingia kanisani na watoto wawili wakati pasta anauliza kama kuna mwenye sababu ya kuzuia ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inasema wazi kwamba mtu aliye na mke wa kimila hawezi kufunga na mwanamke mwingine ndoa ya mke mmoja, na ndoa ya Kikristo ni ya namna hiyo. Arusi ikisimamishwa kwa sababu hiyo, msitarajie fidia: bwana arusi alijua hali yake mwenyewe. Hapa kinga yenu ni matangazo ya ndoa, ambayo kwa kawaida husomwa Jumapili tatu. Matangazo hayo yaliwekwa ili mwenye neno alilete mapema. Sasa utakuta kamati imelipa hema, basi na mpiga picha kabla hata tangazo la kwanza halijasomwa! Geuzeni utaratibu huo. Malizeni matangazo, ndipo mtoe pesa kubwa.

Tatu, ugonjwa uliojulikana. Kama mama wa bibi arusi amekuwa akiugua mwaka mzima, na mlipojaza fomu hamkusema, kampuni ina haki ya kukataa. Na mkisema, pengine watamwondoa katika mkataba au waongeze malipo. Hata hivyo semeni. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa mwenye kuomba, na jambo lililofichwa ndilo la kwanza kutafutwa wakati wa dai.

Hapa pana shimo ambalo sisi tunaangukia kuliko Wazungu. Mkataba utataja "jamaa wa karibu", kisha utawataja ni nani. Mara nyingi ni wazazi, watoto, ndugu wa damu, labda na babu na nyanya. Lakini kwetu, kijana huenda alilelewa na mjomba, au baba mkubwa ndiye amesimama mahali pa marehemu baba tangu siku ya mahari. Huyo akifariki siku tatu kabla ya arusi, hakuna atakayecheza ngoma katika boma hilo. Kwenu huyo ni baba. Kwenye karatasi ya kampuni ni mtu wa mbali. Kama yuko mtu wa namna hii, mwambieni ajenti aandikwe kwa jina na uhusiano, na muone hayo maandishi kabla ya kulipa. Ajenti kukubali kwa mdomo hakuwasaidii kitu.

Nne, mvua. Watu wengi hudhani mvua ikinyesha, bima inalipa. Hapana. Mvua kunyesha Aprili au Novemba si ajabu kwa mtu yeyote. Mikataba mingine hulipa kama hali ya hewa imefanya watu wengi washindwe kabisa kufika, lakini sherehe kuloa na wageni kuondoka mapema si hasara ya kudai. Na hema? Katika mikataba mingi hema na vilivyomo haviingii mpaka muombe na kulipia zaidi.

Tano ni amri ya serikali. Hili tulijifunza wakati wa korona. Mwezi wa Machi 2020 serikali yetu ilipiga marufuku mikusanyiko, na arusi zikasimama. Mwezi wa Julai ziliruhusiwa tena lakini kwa watu 100 tu. Huko Uingereza, ambako watu wengi hukata bima ya arusi, wengi waliodai walikataliwa, kwa sababu mikataba yao haikutaja kufungwa kwa nchi au ilisema amri ya serikali hailipwi. Kampuni kadhaa ziliacha kabisa kuuza bima mpya za arusi mwaka huo. Basi ulizeni: je, ugonjwa wa kuambukiza umo? Amri ya serikali imo?

Kama mnasoma makala hii pamoja kikundini, simameni hapa kwanza. Kumbukeni arusi tatu za kijiji chenu zilizopata matatizo. Je, matatizo hayo yangekuwa upande wa kulipwa, au upande wa kukataliwa?

Ni pesa ngapi hasa ziko hatarini?

Kabla ya kununua, kaeni na daftari. Watu hutaja gharama yote ya arusi na kusema "tunataka bima ya laki tatu". Lakini gharama ya arusi na pesa zinazoweza kupotea ni vitu viwili.

Tuchukue mfano. Tuseme arusi itagharimu shilingi 280,000. Ndani yake kuna ng'ombe, mchele, unga, mafuta na soda. Arusi ikisogezwa mwezi mmoja mbele kwa sababu ya msiba, je, mchele umeoza? Ng'ombe yuko malishoni anaendelea kunenepa. Soda zinarudishwa dukani au zinawekwa stoo. Kilicho hatarini ni malipo ya mwanzo: hema na viti 10,000, gauni la kukodi 8,000, mpiga picha 10,000, basi 12,000, keki 5,000. Jumla ni 45,000. Na hapo pengine mwenye basi na mwenye hema ni watu wa hapa hapa, watakubali kusogeza tarehe bila kula pesa zenu.

Sasa mnaweza kupima. Muulizeni ajenti malipo ya bima ni kiasi gani, pamoja na zile nyongeza ndogo ambazo kila bima huwa nazo: ushuru wa mafunzo, mchango wa mfuko wa fidia ya wenye bima, na stempu. Tena mmuulize eksesi ni ngapi, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe. Kama eksesi ni 10,000 na hasara yenu ni 12,000, mtapewa 2,000 tu. Kwa arusi ndogo ya uwanja wa kanisa, tunaona bima ya kuahirishwa hailipi taabu yake. Afadhali kamati itenge pesa kidogo za dharura, na mikataba na wenye huduma iandikwe. Kwa arusi kubwa yenye ukumbi wa hoteli uliolipiwa nusu miezi mitano mbele, hesabu inabadilika.

Mikataba hiyo ya wenye huduma isiwe kitu cha kuogopa. Karatasi moja ya daftari inatosha: tarehe, kazi, pesa iliyolipwa, iliyobaki, na nini kitatokea siku ikisogezwa. Pande zote mbili waweke sahihi. Kama mmelipa kwa M-Pesa, hifadhini ule ujumbe. Bila karatasi hizi hata bima nzuri haitawasaidia, maana kampuni italipa tu kile mnachoweza kuonyesha.

Watu kuumia

Tumetumia maneno mengi juu ya pesa ya keki, lakini hatari kubwa ya arusi ni watu kuumia. Hema likibebwa na upepo na mti wa katikati ukamwangukia mzee, atapelekwa hospitali, na familia yake itauliza ni nani alaumiwe. Anaweza kuwa mwenye hema, anaweza kuwa mwenye arusi. Kama hema ni la kikundi, ni ninyi. Hapa ndipo bima ya dhima ina maana kubwa, na kikundi chochote kinachokodisha hema kila wiki kinapaswa kuifikiria, iwe ni msimu wa arusi au sio. Ulizeni kama inahusu pia kusimamisha na kubomoa hema, kwa sababu ajali nyingi hutokea hapo, na kama vijana wenu wanaopanda ngazi wamo. Mara nyingi wanaofanya kazi yenu hawahesabiwi kuwa watu wa nje, na huhitaji bima yao tofauti.

Chakula nacho. Wageni wakiugua tumbo baada ya kula, baadhi ya mikataba ya dhima hailipi mpaka chakula kimetajwa. Kina mama wanaopika kwa ajili ya malipo wasiache swali hili.

Halafu kuna safari. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya wa Katoliki kwenda arusini lilisombwa na mto Enziu kule Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hakuna bima inayorudisha mtu, na hatusemi hapa ni nani alikosa. Tunalitaja kwa sababu kila kamati ya arusi huchagua njia na gari. Mto uliofurika haungojewi kwa dakika, unangojewa mpaka upungue, hata kama pasta na bibi arusi wako ng'ambo wanapiga simu.

Juu ya gari lenyewe, sheria ya Kenya inalazimu kila gari barabarani liwe na bima ya kulipa watu wengine wanaoumia. Lakini cheti kinataja kazi ya gari. Gari la nyumbani lina bima ya matumizi ya nyumbani. Mkilikodi na kulilipia nauli, mmelitoa katika kazi yake, na kampuni inaweza kuleta ubishi. Pikapu ya kubeba viazi haikukatiwa bima ya kubeba kina mama 20 nyuma. Basi la shule pia, someni mkataba wake linaruhusiwa kubeba nani. Mpeni mwanakamati mmoja kazi hii: aone cheti cha kila gari, asome tarehe ya mwisho, asome matumizi, na aandike namba. Ni kazi ya dakika kumi kwa kila gari, tena ni bure. Kama tungeambiwa tuchague jambo moja tu kutoka makala hii yote, tungechagua hili.

Vyombo vya kikundi

Kikundi chenye viti 200 na hema nne kina mali kweli kweli. Bima ya mali ipo, ila angalieni maneno mawili.

La kwanza ni wizi. Bima ya kawaida ya wizi hutaka kuwe na alama ya kuvunja: kufuli limekatwa, dirisha limeng'olewa. Viti 15 ambavyo havikuonekana baada ya arusi havikuvunjiwa. Vimepotea tu, na kupotea hakulipwi. Dawa yake si bima. Hesabuni viti vikitoka, hesabuni vikirudi, mpige rangi alama ya kikundi, na mshike amana ya aliyekodi mpaka hesabu itimie.

La pili ni thamani. Tuseme vyombo vyenu vina thamani ya 200,000, lakini ili mlipe kidogo mkaandika 100,000. Moto ukateketeza vitu vya 40,000. Mtafikiri mtapata 40,000 kwa kuwa iko chini ya 100,000. Sivyo. Kampuni itasema mlikata bima ya nusu ya mali, kwa hivyo itawalipa nusu ya hasara, 20,000, kisha itoe eksesi. Andikeni thamani ya kweli, na mwiangalie upya kila mwaka, kwa maana bei ya turubai haikai mahali pamoja.

Pesa za zawadi zinazokusanywa kwa karai mbele ya wageni, mikataba mingi huzilipa kwa kiwango kidogo sana au haizilipi kabisa. Wageni wengi sasa hutuma kwa simu. Wahimizeni.

Kulipa na kudai

Mkiamua kununua, mkataba uwe kwa jina la yule ambaye pesa ni zake. Kama kikundi ndicho kilichokopesha au ndicho chenye hema, jina la kikundi liandikwe kama lilivyo katika cheti cha usajili, si jina la mwenyekiti.

Msilipe pesa mkononi mwa ajenti bila risiti ya kampuni. Kwa Sheria ya Bima, sura ya 487, kampuni haibebi hatari mpaka malipo yamepokewa. Maana yake ni kwamba ahadi ya "tutalipa michango ikiingia" haiwapi kinga yoyote Jumamosi ikifika. Na kabla ya hapo hakikisheni kampuni na ajenti wana leseni ya mwaka huu kutoka kwa mamlaka ya serikali ya kusimamia bima, ile inayoitwa IRA, ambayo ilianza kazi mwaka wa 2007. Kampuni kuwa na jina kubwa si dhamana: Kenya National Assurance ilikuwa ya serikali, na mwaka wa 1996 ilifungwa kwa kufilisika.

Hasara ikitokea, pigeni simu kwa kampuni siku hiyo hiyo au kesho yake, kisha mwandike barua. Wizi na ajali ziripotiwe polisi na mpewe namba ya ripoti. Pigeni picha kabla ya kuondoa hema lililoanguka. Msimuahidi aliyeumia kwamba mtalipa kiasi fulani kabla ya kampuni kujua, kwa sababu mikataba mingi inakataza hivyo. Mpelekeni hospitali, hilo halikatazwi. Mwandishi wa kikundi aweke nakala ya kila karatasi inayotoka, yenye tarehe.

Sheria inaipa kampuni siku 90 tangu dai liripotiwe ili iamue na kulipa. Wakinyamaza, au wakikataa kwa sababu ambayo hamuioni katika mkataba, andikeni malalamiko kwa IRA mkiambatanisha nakala ya mkataba, risiti, barua ya dai na barua ya kukataliwa. Kama karatasi za Kiingereza ni ngumu, tafuteni mwalimu au kijana wa sekondari awasomee kila mstari kikundini. Afadhali zaidi msomewe kabla ya kutia sahihi.